Shangazi Niliyemzua Ngenge

Jamani, habari hii nilikuwa nimeapa siisemi, lakini kwa kuwa kila mkija kwangu Kagondo mnaniuliza kwa nini yule jogoo mwekundu hachinjwi hata ije Krismasi, basi acheni niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Muleba, maana wao wakisimulia wanacheka mpaka wanakaa chini. Niliaibika. Tena siyo aibu ya kujikwaa njiani ukajifuta vumbi ukaendelea na safari, hapana, ni aibu ya mbele ya usharika mzima, kwaya ikiwemo.

Mnajua kazi yangu, mimi ni meneja wa mabalozi wa mauzo. (Mama yangu mpaka leo anawaambia watu nafanya kazi ubalozini, na sijawahi kumsahihisha.) Yaani kampuni yetu pale Bukoba mjini inauza majiko banifu na taa za sola kwa mtandao, halafu kuna watu huku na huko, walimu, vinyozi, wanakwaya, kila mmoja tumempa linki yake, mtu akinunua kupitia linki ile, balozi anapata kamisheni. Mimi siuzi kitu, mimi nawachunga wanaouza. Ukiniuliza utarajie nini kwenye kazi hiyo nitakwambia utarajie kubembeleza watu wazima kama watoto wa chekechea, utarajie mtu kukulaumu kwa kutolipwa wakati hajauza hata kiberiti, na utarajie wezi, maana wapo wanaojinunulia wenyewe na wapo wanaotunga wateja wasiokuwepo. Miezi minane kazini nilikuwa nimeshanasa watatu, na kichwa kikanivimba. Sisi Wahaya tunataniwa bure kwa unshomile, yaani kujiona wasomi kuliko wote, lakini mimi siku zile nilistahili kutaniwa.

Sasa, balozi wangu aliyekuwa akiwapita wote hakuwa wa mjini wala hakuwa kijana, alikuwa mama mmoja wa Ngenge anaitwa Ma Koku. Sikuwahi kumwona. Tulikuwa tunawasiliana kwa ujumbe wa sauti tu, mimi namtumia mafunzo (jenga imani na wateja wako, tambua mahitaji yao, maneno yale yale niliyoyatoa kwenye semina), naye ananijibu kwa heshima ya Kihaya, "Asante waitu, nimekuelewa," tena anajibu Jumapili tu. Siku moja mfumo ukaweka alama nyekundu kwenye jina lake. Nikachungulia, nikaona oda zake zote zimetoka kwenye simu moja, mahali pamoja, Jumapili baada ya saa saba mchana. Oda ishirini na kitu! Nikapiga meza.

Bosi wangu, Bi Zuhura, ni mama wa hapa hapa mjini ingawa babu yake alitokea pwani, ni mtu wa kupima maneno. Akaniambia, "Mujuni, mpigie umuulize."

"Nikimpigia nitamshtua," nikasema. "Huyu ni mwizi, Bi Zuhura, wezi nawajua. Niache niende nimkamate akiwa kazini."

"Haya. Lakini Jumatatu asubuhi nataka jibu, maana kama ni mwizi nafuta linki yake na oda zake zote, mzigo hautoki."

Hapo shikeni vizuri. Zile oda zilikuwa za watu, au hazikuwa za watu, na hilo ndilo nililokwenda kulijua. Na ningeweza kulijua kwa kupiga simu dakika tatu.

Jumapili nikashuka Muleba, nikachukua bodaboda mpaka Ngenge, vumbi mpaka kwenye kope. Hesabu yangu ilikuwa nifike saa saba, nijibanze mahali, nione. Nikafika mapema kuliko nilivyopanga, ibada bado inaendelea, na mnajua mtu mgeni akisimama nje ya kanisa la Kilutheri akichungulia kwa dirisha kinachomtokea. Mzee wa kanisa mmoja, Ta Rwegasira, mrefu, koti la kijivu, akatoka akanishika mkono bila kuniuliza jina, akaniketisha benchi la mbele kabisa, na kabla sijapangusa uso mwinjilisti akasema wageni wasimame wajitambulishe.

Mgeni nilikuwa peke yangu.

Nikasimama. "Bwana Yesu asifiwe," nikasema, wakaitikia, "Amina," nikasema naitwa Mujuni, natoka Kagondo, Bukoba, halafu nikaishiwa. Ningesemaje? Nimekuja kumkamata muumini wenu? Ningesema nimekuja kusali, basi, ningekaa chini na haya yote yasingetokea. Lakini ulimi ukatangulia ukasema, "Nimekuja kumsalimia shangazi yangu," na mwinjilisti akauliza kwa furaha, "Shangazi yako nani?" na katika Ngenge nzima mimi nilikuwa najua jina moja tu.

"Ma Koku," nikasema.

Jamani, vigelegele! Kanisa likageukia kwaya, na kule sauti ya pili akasimama mama mwembamba wa miaka sitini hivi, joho la kwaya limempwaya mabegani, akanitazama. Akanitazama sana. Mimi nikaona ndiyo basi, ananikana hapa hapa. Akasema, taratibu, "Karibu mwanangu. Umechelewa."

Kwa nini asinikane? Nikajiambia, ona mwizi alivyo mwepesi, anakubali hata ndugu wa uongo.

Mngedhani yameisha. Sasa nyie ni Wahaya, mwambieni Mhaya kwamba wewe ni mtoto wa kaka yake fulani, atanyamaza? Mtoto wa kaka maana yake ukoo mmoja. Ta Rwegasira, kumbe ni ukoo mmoja na Ma Koku, akainuka kwenye kiti chake na furaha yote ya dunia, "Kumbe wewe ni wetu! Mziro wetu ni upi, kijana?" Na mimi kwa kiherehere nikataja mwiko halisi wa ukoo wetu, samaki tusiyemla, "Kamongo."

Wao mziro wao ni tumbili.

"Amelelewa kwa mama yake huyo," akasema Ma Koku kutoka kwaya, "msimuulize mambo mengi." Watu wakacheka, nikakaa, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi. Katika uongo wangu ameniokoa mtu niliyemfuata kumkamata, mara mbili, na sikuelewa kwa nini.

Tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka, ndizi, maharage, mayai, na mara jogoo mwekundu akainuliwa juu, Ta Rwegasira ananadi, "Huyu katolewa na Ma Koku! Mpwa wake mjini yupo hapa, atakubali aende kwa watu baki?" Wote wananitazama. Ningefanyaje? Nikamnunua. Nikabaki nimemkumbatia kwapani, ananiparua mbavu, na nilichokuja kukifanya bado.

Ndipo nikaona watu hawaendi nyumbani. Wanazunguka nyuma ya kanisa, nikafuata, na huko kuna kichuguu kikubwa, kando yake kiti, na juu ya kiti amekaa Ma Koku, joho ameshalivua, simu mkononi, na mbele yake foleni. Foleni ya watu halisi! Wazee, mama wenye watoto mgongoni, mvuvi aliyetoka kisiwani Bumbire kuwatembelea wakwe zake akaambiwa usiondoke bila kumwona huyu mama. Nikamuuliza dada mmoja kwenye foleni mbona wasiagize wenyewe kwenye simu zao, akanishangaa. "Mtandao unashika hapa kwenye kichuguu tu, kaka. Na wengi wetu hizo simu za kuagizia tutazitoa wapi?"

Simu moja. Mahali pamoja. Jumapili baada ya ibada.

Nikasogea nisikilize. Mama mmoja akafika mbele akataka jiko dogo, Ma Koku akamwambia, "Wewe hapana. Unapikia watu kumi na mmoja, sufuria yako nimeiona, italiangusha. Subiri lije kubwa." Akamrudisha! Mimi nimefundisha mabalozi miezi minane namna ya kuuza, sijawahi kufundisha hata mmoja kukataa kuuza. Akafuata mzee anayelalamika jiko lake linatoa moshi, Ma Koku akamwambia, "Nitakuja Jumatano, nikae jikoni kwako uwashe nione." Na yule dada akaninong'oneza kwamba ndivyo anavyofanya, kila jiko linaloletwa anakwenda kukaa nalo mpaka chungu cha kwanza kiive. Kila jiko. Kwa miguu. Nikaona semina zangu zote ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti.

Basi nikataka kurekebisha. Nikasema nipande kichuguu nimpige picha na foleni yake, nimtumie Bi Zuhura, aone mwenyewe. Nia ilikuwa njema, hilo naomba mliandike. Sasa simu yangu mnaijua, nilipoidondosha spika ya sikioni ilikufa, kwa hiyo kila anayepiga namsikia kwa sauti kubwa. Nimefika juu, jogoo kwapani, mtandao ukashika, na simu ikaita hapo hapo. Nikataka kuikata, jogoo akafurukuta, kidole kikapokea.

"Mujuni!" Sauti ya Bi Zuhura ikashuka bonde zima. "Vipi huko Ngenge, umeshamkamata yule mwizi wako? Huyo Ma Koku? Maana sikupati tangu asubuhi, na kesho nafuta oda zake zote!"

Aliyejibu wa kwanza ni jogoo, akawika.

"Mwizi nani?" akauliza mtu. Mwingine akasema, "Oda zipi zinafutwa? Na jiko langu?" Ta Rwegasira akanitazama kutoka chini, koti lake limefungwa vifungo vyote, "Kumbe wewe siyo mpwa, ni askari." Lakini kilichonichoma siyo hicho. Yule mama aliyekataliwa jiko dogo alikuwa amerudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye kile kiti, na mwingine akamfuata, na nikaona kitu alichokijenga Ma Koku kwa miguu yake kinabomoka kwa neno langu moja, neno nililolisema mezani Bukoba ili nionekane hodari.

Ma Koku akainuka. Hakupaza sauti. "Huyu nilimjua tangu aliposema Bwana Yesu asifiwe," akawaambia watu. "Ni sauti iliyomo kwenye simu yangu, ndiye mkubwa wangu wa kazi. Nilidhani amekuja kunitembelea, akaona haya kusema." Halafu akanigeukia. "Waitu, kwa nini hukuniuliza?"

Ningetamani ardhi ipasuke. Kwenye simu Bi Zuhura anaita, "Haloo? Mujuni?" na mimi niko juu ya kichuguu kama najiandaa kuhubiri, hakuna pa kujificha, basi nikaona afadhali yaishe.

"Bi Zuhura," nikasema, kwa sauti ili na wao wasikie, "mwizi hakuna. Wateja wapo, nawaona kwa macho yangu, wamejipanga mstari. Simu ni moja kwa sababu mtandao uko mahali pamoja. Niliyekosea ni mimi. Na kanisani nimedanganya kwamba huyu ni shangazi yangu."

"Kanisani, Mujuni?"

"Kanisani."

"Mpe simu huyo mama."

Nikashuka, nikapiga magoti kumpa (mimi, mwanaume mzima, nakwambieni sikufikiria mara mbili), na Bi Zuhura akamsalimu, "Shikamoo mama," akamwomba radhi mbele ya watu wote, akasema mzigo unatoka Jumatatu. Kisha akamwomba amweleze anavyofanya kazi, ili na mabalozi wengine wafundishwe. Ma Koku akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitakueleza mwanangu, ila subiri kidogo, watu wangu wako juani." Akakata simu ya bosi wangu! Akaketi, na yule mama aliyerudi nyuma akasogea tena mbele.

Jioni kabla sijaondoka akanipeleka kwake, akaweka akamwani kwenye kisahani, zile punje za kahawa za kutafuna tunazompa mgeni wa heshima, na mimi nikashindwa hata kunyoosha mkono. "Tafuna," akasema. "Ila Jumapili ijayo urudi, usimame na wageni, ujitambulishe vizuri."

Nimeapa tangu siku ile, simwiti mtu mwizi kabla sijamuuliza, hata kompyuta ipake jina lake rangi nyekundu mwezi mzima, na jogoo yule simchinji ili anikumbushe. Na Jumapili iliyofuata nilirudi. Usingizi sikuupata usiku kucha, nilikuwa nakariri nitakavyosema, jina langu, kazi yangu, kosa langu. Mwinjilisti akatangaza wageni wasimame, nikasimama, nikafungua kinywa.

Ta Rwegasira akanitazama kutoka kwenye kiti chake cha wazee.

"Wewe Kamongo, kaa chini," akasema. "Wameitwa wageni."