Gari Lililowekewa Kipingamizi

Enzi zetu, gari likiingia kijijini lilihojiwa kabla ya dereva wake. Siku hizi kijana akishuka na gari jipya watu wanakimbilia kupiga naye picha. Sisi tuliokulia nje kidogo ya mji wa Njombe, upande wa barabara ya Ludewa, tulilelewa kutilia shaka kila kinachong'aa. Mama alikuwa akituambia, "Mtu akikupa kitu, muulize na yeye kapewa na nani." Nimekua hivyo na sijapona. Mpaka leo ukininunulia soda, kwanza nitakitazama kizibo.

Wa rika langu mtakumbuka asubuhi za mwezi wa saba, majani yamekuwa meupe kwa barafu, tunakwenda shule tumevaa sweta juu ya sweta na viazi vya moto mfukoni. Viazi vile vilikuwa vya kupasha mikono kwanza, kuliwa baadaye. Tulibeba na kuni za mwalimu, na aliyeleta kuni mbichi alisimamishwa mbele. Mchana tulitengeneza magari ya mianzi yenye magurudumu ya kandambili zilizokatika, na mvua zikianza tukayaachia yateleze kwenye tope. Uwanja wetu ulikuwa ile kona kubwa inayozunguka kilima cha kanisa, udongo mwekundu ambao ukinyeshewa hata mbuzi anapita kwa adabu.

Kwenye kona hiyo ndipo nilipomwona baba mdogo Efraimu akirudi nyumbani kwa ubavu.

Alikuwa mdogo wa mwisho wa baba, na kwa miaka kadhaa alikuwa Dar es Salaam akimwendesha mzungu mmoja wa mradi. Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika. Tulisikia mlio kwanza, na haukuwa mngurumo wa lori tuliouzoea. Ulikuwa mlio wa kukereza na kukatakata, kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Kisha likatokea gari jekundu, fupi, la milango miwili, na taa zake zikachomoza kutoka ndani ya boneti zikatutazama. Wadogo wakakimbia. Mimi nilibaki, si kwa ushujaa, nilitaka tu kujua ni la nani.

Gari likaingia kona pua imeelekea shamba la viazi la Mzee Yeremia, lakini lenyewe likaendelea kufuata barabara. Tairi za nyuma zilikuwa zinarusha tope mpaka kwenye miti ya miwati, usukani umekatwa kinyume, na baba mdogo ndani anatabasamu. Likatoka kwenye kona limenyooka vizuri, likasimama kwetu, likatuachia harufu ya oili iliyoungua.

Mzee Yeremia alikuwa amesimama katika shamba lile lile, jembe mkononi. Alikuwa mzee wa kanisa na, ubaya zaidi kwa baba mdogo, ndiye aliyekuwa baba yake Twilumba, binti aliyemchumbia, na posa ilikuwa imekwisha kupokelewa. Jioni alikuja kwetu, akakataa kukaa.

"Kamwene," alisalimu, kisha akamwambia baba, "Gari linalokwenda huku na kutazama kule lina jambo."

Tangu siku hiyo hakuna aliyelitazama gari lile kwa jicho jema. Baba mdogo alisema mzungu wake alipofunga mradi na kurudi kwao alimwachia. "Aache gari, abebe begi?" mama aliuliza huku akimenya viazi. Tena lilikuwa linakunywa oili. Kila mara baba mdogo alifungua boneti akaongeza, na chini hapakuwa na tone lililovuja. Mimi mwenyewe nililala kifudifudi kulichungulia, nikaona pakavu, nikainuka na shaka kubwa zaidi. Oili ilikuwa inakwenda wapi?

Nilipomuuliza kuhusu ule mwendo wa ubavu, hakuficha. Alisema mzungu ndiye aliyemfundisha, katika kiwanja kitupu siku za mapumziko. "Nyuma ikikimbia usiogope, ifuate kwa usukani," alinieleza. "Na usitazame pua inakoelekea. Tazama unakotaka kwenda." Nilikubali kwa kichwa, lakini moyoni nilijisemea kwamba mtu mwema hana haja ya kujua mambo hayo.

Lililomaliza kazi lilitoka Makambako. Rejeta ilianza kuvuja, akalipeleka kwa fundi Chelestino aliyekuwa na gereji barabara kuu, pale madereva waliokuwa wakipeleka magari Tunduma waliposimama kunywa supu. Chelestino, akitaka tu maongezi, akauliza injini ina pistoni ngapi. Baba mdogo akajibu kwamba haina hata moja. Fundi alicheka. Kisha akaona mwenzake hacheki, naye akaacha.

Habari ile ilipanda basi la kurudi Njombe ikamtangulia baba mdogo mwenyewe. Alipofika nyumbani, kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba gari la Efraimu linatembea bila pistoni. Kila aliyewahi kuchungulia injini ya mashine ya kusaga alijua kwamba pistoni ndiyo inayosukuma. Sasa hili linasukumwa na nini? Watu walishusha sauti walipouliza, na watoto tukakatazwa kuligusa.

Na matangazo ya ndoa yalikuwa yameanza. Mnajua utaratibu wetu Walutheri: majina ya wachumba yanasomwa kanisani Jumapili kwa Jumapili, na mwenye kipingamizi anaombwa aseme. Sikuwahi kusikia mtu akisema. Jumapili ya pili mchungaji alimaliza kusoma majina ya Efraimu na Twilumba, akawa anageuza karatasi, ndipo Mzee Yeremia aliposimama kutoka benchi la wazee.

"Ninacho kipingamizi," alisema. "Kijana simpingi. Napinga gari lake."

Kama si kanisani watu wangecheka. Mchungaji, mtu mpole wa kutoka Tandala, alivua miwani akaifuta muda mrefu. Mwisho akasema kisichojulikana na kionekane: gari liletwe uwanja wa kanisa Jumamosi, lifunguliwe mbele ya wote. Kama ndani hamna ubaya, ndoa ifungwe. Nilimtazama baba mdogo. Nilidhani atafurahi, kwa kuwa mtu asiye na la kuficha hufurahi. Alikuwa amekunja uso, nami nikajua tumemkamata.

Jumamosi aliniita nipande, niwe shahidi kwamba hajatoa kitu njiani. Hiyo ndiyo mara ya pekee niliyokaa ndani yake. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Alipofika kwenye kona alivuta breki ya mkono, akakata usukani, na kilima cha kanisa kikaanza kupita mbele ya kioo badala ya pembeni. Niliona shamba la viazi likinijia, kisha nikakumbuka maneno yake, nikayainua macho kule barabara ilikokuwa inatokea, na hofu yote ikaniisha. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka. Alikuwa analisikiliza gari.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa kuliko siku ya kipaimara. Chelestino alikuwa ametoka Makambako na sanduku lake la spana. Baba mdogo alimwendea.

"Ukiifungua hii, utaweza kuifunga?"

Chelestino alikuna shingo. "Kufungua nitafungua, kaka. Sijawahi kuiona, nisikudanganye."

Ndipo nilipoelewa ule uso wa kanisani. Hakuwa anaogopa kitakachoonekana. Alijua kwamba Njombe yote, na Makambako, hapakuwa na mtu wa kulirudisha gari lile kama lilivyokuwa. Hapo hapo Twilumba alitoka upande wa akina mama, mbele ya baba yake, akaja mpaka kwenye boneti.

"Efraimu, mimi sijakuuliza," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nalifungua."

Vijana waliinyanyua injini kwa mlingoti na kamba. Spana zikafanya kazi mpaka jua likageuka, na hatimaye Chelestino akatumbukiza mikono akatoa dude la chuma lenye pembe tatu, limevimba mbavu, jeusi kwa oili.

"Sambusa!" mtoto mmoja akapiga kelele, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Zilikuwa mbili. Baba mdogo akaeleza, kwa sauti ya uchovu, kwamba hizo ndizo zinazozunguka badala ya pistoni kupanda na kushuka, na kwamba kwenye kila ncha mna kijiti chembamba cha chuma cha kuziba, nacho hulainishwa kwa oili inayoungua humo humo. Kumbe oili ilikuwa inakwenda huko.

Mzee Yeremia alilipokea dude akalipima uzito, akalinusa, akaligeuza. "Na ndani ya hili kuna nini?"

"Mzee Yeremia," mchungaji alimwambia, "pembe tatu, kitu kimoja. Wewe mzee wa kanisa unataka nikueleze nini zaidi?"

Watu walicheka tena, na safari hii mzee mwenyewe alilazimika kutabasamu. Jumapili iliyofuata majina yalisomwa, hakuna aliyesimama.

Harusi ilikuwa nzuri, pombe ya ulanzi ilitoka mpaka Wanging'ombe. Gari halikupona. Vijiti vya ncha vilichomoka wakati wa kufungua, vingine vikavunjika, na kimoja kilipotea kwenye majani ya uwanja. Tulikitafuta watoto wote tukiwa tumepiga magoti. Sina ushahidi, lakini nilimwona Mzee Yeremia akiinama na kuinuka na mkono mfukoni, na mpaka anazikwa sikuacha kuutazama mfuko wa koti lake. Chelestino alichonga kijiti kingine, akafunga kadiri alivyokumbuka. Liliwaka mara moja, likatetemeka, likatoa moshi mweupe uliofunika kanisa, likazima. Twilumba alifugia kuku humo kwa miaka, kisha wanunuzi wa chuma chakavu wakalibeba. Ilibaki sambusa moja, na mpaka leo inazuia mlango wa sebule yao usipigwe na upepo. Baba mdogo aliendesha malori ya mbao maisha yake yote, amenyooka barabarani kama watu wengine. Sikuwahi kumsikia akilalamika, na hilo huniuma kuliko kama angelalamika.

Juzi nilimpeleka Makambako kutazamwa macho. Anaona kwa shida, lakini masikio ni mazima. Tulipokuwa tunatoka mjini alinishika bega. "Simamisha," alisema. Mimi nilikuwa bado sijasikia kitu, lakini nilisimama tukashuka.

Kwenye kiwanja cha vumbi kando ya barabara kulikuwa na umati umeinua simu. Katikati lilizunguka gari jeupe, fupi, la milango miwili, taa zimechomoza, na ule mlio wa mashine iliyoishiwa mahindi. Baba mdogo aliteleza ili afike nyumbani. Hawa wanateleza papo hapo, wakimaliza wanashuka kutazama kwenye simu kama kweli wameteleza. Dereva alikuwa kijana mdogo, kofia kaigeuza nyuma. Nilimtazama, nikalitazama gari, shaka ikanipanda kifuani. Umri ule, gari lile, na katika watu wote wale hakuna hata mmoja anayeuliza! Enzi zetu tuliuliza mpaka tukakivunja kilichokuwa kizima. Siku hizi hakuna anayeuliza kabisa, na sijui lipi baya zaidi.

Lilisimama karibu yetu likiwa bado linanguruma. "Shikamoo mama, shikamoo babu," kijana alisalimu kwa adabu kupitia dirishani. Niliitikia, nikainama, nikafumbua mdomo nimuulize kalipata wapi.

Mkono wa baba mdogo ukanikamata kiwiko.

"Mwache, mwanangu," alisema. Alikuwa ameliinamia boneti, kichwa ameweka upande, macho yake mabovu ameyafumba. "Hili halijafunguliwa bado."