Mkono wa Mjomba na Kiduara cha Kijani

Nilipokuwa nasomea shahada ya uzamivu, nilirudi nyumbani Nachingwea na kofia ya kitambaa iliyoshonewa nyaya. Kofia hiyo hunasa umeme mdogo wa ubongo, kisha programu niliyoiunda kwa kuiga jinsi seli za ubongo zinavyopashana habari hukisia mtu anataka kufanya nini. Hadi wakati huo nilikuwa nimeijaribu kwa wanafunzi wenzangu tu.

Mjomba wangu wa Likunja, upande wa Ruangwa, alikuwa amepata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Aliposikia habari za kofia, aliniita mwenyewe, nikaenda kwake.

Mkewe aliingiwa na wasiwasi, akauliza kama kitu hicho kitasoma siri za mumewe. Nikamwambia hakijui siri. Kinabahatisha tu kama mtu anataka kusogeza mkono au ametulia. Mjomba yeye aliuliza kama ute ninaopaka kichwani ili nyaya zinase vizuri unatoka kwa maji, maana swala ya adhuhuri ilikaribia na alitaka kutawadha. Nikamwambia unatoka. Akavua kofia yake ya darizi.

Nilimwambia afikirie anaminya mpira. Kwenye kompyuta kulikuwa na kiduara cha kijani ambacho kingesogea programu ikinasa nia yake, lakini kilikaa palepale. Tukarudia, wapi. Nilikuwa nakagua nyaya kiduara kilipoanza kwenda kulia. Mkono wake ulikuwa umelala gotini, haujatikisika.

"Umefikiria nini, mjomba?"

"Huo mpira umenishinda. Nilikuwa nakung'uta ufuta."

Nikamwomba aendelee kukung'uta. Kiduara kikaenda tena, na mkewe akasogeza kigoda chake karibu. Nilijiuliza: programu imemzoea yeye, au yeye ameizoea programu? Swali hilo lilikuja kuwa sura nzima ya tasnifu yangu, na bado halijanitoka.

Mjomba aliuliza kama mkono utainuka. Nikamwambia ukweli, kwamba kofia haitibu. Akauliza kama kiduara kinaweza kupiga simu.

"Sijawahi kujaribu."

"Basi jaribu, mwanangu. Mimi nipo."

Nilikaa kwao hadi nikaunganisha kompyuta na simu ya mjomba. Asubuhi moja mkewe akiwa shambani na simu yake, mjomba alimpigia kwa kiduara. Alirudi mbio, khanga mkononi, akiuliza kuna nini.

Mjomba akamwambia hakuna kitu, alitaka tu kuona kama itaita.