Siku Niliyoomba Vidonge Virudi

Hata leo nikikutana na mtu wa kule nyuma ya Kaloleni huwa natazama chini, maana aibu niliyoipata pale miaka ya themanini bado inanichoma masikio.

Nilikuwa muuguzi, peke yangu katika zahanati ndogo, nimetoka tu kwenye semina Mombasa (beji yenyewe sijaivua, mjinga mimi), ambako tulifundishwa kwamba presha isingojewe ipande sana, hata ile tuliyozoea kuiita ya kawaida kwa wazee sasa itibiwe. Maneno mazuri, wala hayakuwa uongo. Basi asubuhi ile nikakuta benchi limejaa, nikaamua nimpime kila mtu mzima, nikaanza na mavyaa, mama wa mume wangu, aliyekuja kwa kikohozi tu, ili wengine waone kwamba kupimwa hakuumi. Nikakisoma kipimo chake kwa sauti, benchi zima likasikia, nikamwambia asipomeza dawa kila siku ataanguka. Akafunga vidonge kwenye pindo la leso.

Baada yake wote walitaka, na kwa kipimo kipya karibu kila mwenye mvi alikuwa mgonjwa, nami nagawa tu, nafunga vikaratasi, najiona daktari mkuu wa Pwani nzima, hadi vidole vikagusa kitako cha mkebe. Mkebe wa pili haukuwapo. Dawa huletwa mara moja kwa mwezi, na mwezi ndio kwanza umeanza (nilijua, sijui akili niliiacha wapi).

Hapo akaingia Mzee Karisa, aliyekwisha kupooza upande mmoja kwa presha, amejikokota na mkongojo kutoka kwao mbali kufuata dawa zake kama kawaida. Nilipompima, kipimo kilipanda kuliko cha mtu yeyote wa asubuhi ile.

"Zangu zilikwisha juzi, sista," akasema taratibu.

Ningefanya nini? Nikatoka nje, watu bado wamekaa kivulini wakizungumza, nikawaomba wanirudishie vidonge. Mmoja akacheka, mwingine akasema vyake amevimeza vyote kwa mpigo (moyo ukanipasuka, kumbe ananitania), kisha wote wakamtazama mavyaa.

"Asubuhi ulinitangaza mgonjwa mbele ya watu," akasema bila kupandisha sauti. "Sasa wanitangaza mzima. Nishike lipi, mwanangu?"

Nilisimama nimekinga mkono kama mwombaji, machozi yananitoka. Akafungua leso, akanitilia vidonge kiganjani, na wengine wakafuata, wakinung'unika. Mzee Karisa akaenda zake na dawa ya mwezi, na alikuwa amesikia yote dirishani.

Dawa zilipoletwa tena nilimpelekea mavyaa zake nyumbani. Akanishukuru kwa adabu, ila kupimwa akawa anakwenda zahanati nyingine, tena kwa miguu, mpaka nilipohamishwa.

Tangu hapo, likija agizo jipya lolote nafungua kabati kwanza, mdomo baadaye. Na presha ya mtu namwambia sikioni mwake.