Mwenyekiti Ameikalia Bei ya Maziwa

Ukungu bado umelala barabarani, lakini kituo cha kukusanya maziwa cha Cheptiret kimeshajaa. Katikati ya mikebe amesimama Benta Ayoo, fundi wa tovuti kutoka mjini Eldoret. Hajaleta maziwa. Amekuja kuwaomba wakulima simu zao.

"Nisaidieni kidogo," anasema. "Fungueni huo ukurasa wa chama chenu cha maziwa. Bando ni zenu, chai ni juu yangu."

Wengine wa kazi yake hujaribu tovuti ofisini, kwenye kioo kikubwa na intaneti ya kasi. Benta huipeleka kwa wenyewe. "Ofisini kila brauza ni nzuri," anasema. "Lakini yenye itakuaibisha iko kwa mfuko ya mwenye anangoja habari."

Leo ana jambo. Ukurasa ukifunguka, chama kitamkabidhi autunze na kumpa chumba kando ya kituo. Ukigoma, kamati itatafuta fundi mwingine.

Wa kwanza ni Mama Priscah, mfugaji ambaye simu yake imeshikiliwa na raba mbili isifunguke mgongo.

"Nimeona uso," anasema.

"Uso wa nani, Mama?"

"Wa Mwenyekiti. Sasa bei ya maziwa iko wapi?" Anasukuma kidole juu, anasukuma chini. "Wee! Ameikalia!"

Kituo kizima kinaangua kicheko. Mwenyekiti mwenyewe, Paul Kipkirui, anarekebisha kofia ambayo haikuwa na shida yoyote.

Kosa ni la wawili. Kipkirui alitaka picha yake itangulie, vile imetundikwa ukutani katika ofisi ya chama. Benta naye alipanga ukurasa kwa mtindo mpya, ambao brauza ya zamani katika simu ya Mama Priscah haiujui. Ikarundika kila kitu mahali pamoja, picha juu ya maandishi.

"Nilianza hii kazi tukipanga kurasa kwa majedwali," Benta anasema akijikuna kichwa. "Zikaja picha za kuchezacheza, tukaambiwa bila hizo wewe si fundi. Zikafa. Siku hizi kila mwaka kuna sheria mpya na programu mpya ya kuchora. Mimi nazipenda, ni kama viatu vipya. Shida leo nimezivaa shambani."

Na anajua uchungu wa ukurasa usiofunguka. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, yeye na mamake walikuwa wamekimbilia uwanja wa kanisa mjini Eldoret. Walitaka kujua kitu kimoja tu: je, barabara ya Kapsabet ilikuwa inapitika, wafike kwao Kisumu? Aliazima simu, akafungua ukurasa wa habari.

"Picha ilikuwa inashuka polepole, kama mzee kwa ngazi," anakumbuka. "Kredo ikaisha kabla nisome neno moja. Niliapa, kwangu maneno yatatangulia. Na leo nimesahau kiapo changu mbele ya watu."

Anaketi juu ya kreti, laptop magotini.

"Mzee, nikutoe ama nikushushe?"

"Unishushe wapi?" anauliza Kipkirui.

"Chini kabisa, karibu na namba ya simu."

"Huko ndiko kuzuri, Mwenyekiti," Mama Priscah anadakia. "Tukikasirika tunakupata haraka."

Kipkirui anawaza. Kisha anacheka. "Haya, nishushe. Hata nyumbani ndiyo kawaida."

Benta anapanga upya: maneno matupu kwanza, mapambo yabaki kwa simu zinazoyaweza. Mama Priscah anafungua tena. Hapa hakuna anayecheka.

"Shilingi hamsini na mbili kwa lita," anasoma kwa sauti. Huko nyuma ya foleni, simu zinaanza kutoka mifukoni. Kipkirui anaingiza mkono wake pia, ila yeye anatoa ufunguo wa chumba.

Ndani hakuna kitu, ila harufu ya maziwa. Benta anasema kuwa tangu 2008 hajawahi kununua kompyuta ya mezani. Alirudi Eldoret, akapata kazi, akapata marafiki, lakini kila mwaka wa uchaguzi alitia laptop kwa begi akaenda Kisumu mpaka mambo yatulie.

"Sasa nataka ile kubwa, kioo kama dirisha," anasema, akiupima ukuta kwa mikono yake. "Uchaguzi utakuja, najua. Lakini hiyo kitu ni nzito. Huwezi kukimbia nayo."