Mkono wa Fausta Uko Juu

Siku Fausta aliporudi Kibaoni kutoka hospitali ya Mpanda, nusu ya soko ilimpungia mkono. Watu walimwona anashuka kwenye gari, mkono wake wa kulia umeinuliwa pembeni, kiwiko usawa wa sikio, wakadhani anawasalimia, nao wakamsalimia. Muuza dagaa alipunga. Wazee wa kijiwe cha kahawa walipunga. Bodaboda wawili waliwasha pikipiki na kuja mbio, wakaanza kugombea abiria ambaye hakuwa anakwenda kokote. Mama yake, Theopista, aliyekuwa nyuma amebeba mabegi yote mawili, alipata kazi ya kumweleza kila mtu kwamba binti yake hasalimii, kafungwa hivyo na madaktari, na tafadhali asiguswe.

"Kwa hiyo sisi hatusalimii?" akauliza muuza dagaa, na akanuna.

Theopista ni mwanamke wa wasiwasi. Kuku akikohoa, anamtenga. Mtoto akinyamaza, anamfuata. Watoto wake wote amewalea kwa kuwachungulia, na bado ajali ilikuja kutoka upande ambao hata yeye hakuwahi kuuchungulia: kwa nguruwe wa katekista.

Fausta alikuwa anakaanga maandazi pembeni ya soko, mwanamke mzima mwenye mume na nyumba, mwepesi wa mikono na wa mdomo. Nguruwe wa Mwalimu Benedikto, katekista, alikata kamba akapita katikati ya mafiga kama mtu aliyechelewa misa. Karai la mafuta likapinduka. Fausta aliungua bega, kwapa na ubavu. Nguruwe hakupata hata alama. Alikuja kuliwa Pasaka, na Benedikto akampelekea Theopista mguu mmoja kama pole. Theopista aliupika na kuula kwa hasira, na ulikuwa mtamu.

Kila aliyekuja kutoa pole alikuja na dawa yake. Wakaleta ute wa yai, asali, dawa ya meno, manyoya ya sungura. Wa zahanati walitupa yote hayo nje, wakamsafisha, wakamfunga, wakaonya kwamba mkono usiachwe umelala. Lakini mkono ukiwa chini, umebanwa na ubavu, maumivu yalipungua, na nyumba nzima ikakubaliana kwamba basi ukae hapo hapo. Wapo wanaoharibiwa kwa kupigwa. Fausta aliharibiwa kwa kuonewa huruma. Kidonda kilipofunga, jumuiya ya kanisani ilikuja kuimba. Nyimbo zilipokwisha, Fausta akataka kufunga kilemba, kiwiko kikakataa kuondoka ubavuni. Ngozi ilikuwa imeota hapo katikati kama ile ya kwenye vidole vya bata.

Akaishi hivyo misimu miwili ya mpunga. Kupepeta hawezi, kujitwisha ndoo hawezi, gauni anavalishwa. Vijana wa sokoni walimwita Kuku wa Mnada, kwa sababu ya lile bawa moja lililobanwa.

Ndipo redio ikatangaza kwamba madaktari bingwa wanakuja Mpanda. Daktari aliyempokea alikuwa kijana mwenye raba za rangi ya chungwa, na Theopista hakumwamini mpaka alipoona mikono yake, ambayo ilikuwa safi na haina haraka. Akaeleza kwamba atakata ile ngozi iliyovuta, ataufungua mkono, na mahali patakapobaki wazi atapaziba kwa ngozi ya pajani. Theopista akauliza kama paja litabaki na shimo. Akaambiwa hapana, inavuliwa nyembamba kama unavyomenya nyanya, na paja litajiotea nyingine.

"Upasuaji ni kazi yangu, ni asubuhi moja," daktari akasema. "Baada ya hapo kazi ni yenu. Ngozi mpya hupenda kujikunja. Mkono ukishuka kabla ya siku ya kliniki, utarudi ulikotoka, na safari nyingine itakuwa ngumu zaidi."

Alisema hayo akimtazama Theopista. Alikuwa amechagua mtu sahihi.

Kwa hiyo Fausta alirudi Kibaoni na kiunzi cha plasta na vyuma kutoka kiunoni mpaka kwenye vidole, mkono uko hewani, na Theopista akahamia nyumbani kwa binti yake akiwa na mkeka, sufuria na macho mawili yasiyopumzika. Alimlisha, alimgeuza, alifukuza watoto, alifukuza nzi. Gelasius, mkwe wake, alihamia upande wa jikoni. Yeye ni mtu mpole anayelima mpunga, na kwa siku kadhaa alionekana ana jambo linamkaba. Mbele ya mama mkwe mwanamume hatamki neno paja, hata kama ni la kuku. Mwishowe alikuja akasimama mbali, macho chini.

"Mama, ile ngozi, kule ilikotoka. Ikishapandwa huku juu, bado ni ya kule, au imekuwa ya huku?"

"Baba, hilo sasa ni kwapa," Theopista akamjibu.

Gelasius akashukuru, akaenda zake. Hata hivyo baadaye alimwomba mkewe aache magauni yasiyo na mikono, maana huwezi kujua watu wanawaza nini.

Mkono uliokaa juu una taabu ambazo huwezi kuzijua mpaka uwe nao. Fausta akipita barabarani, pikipiki zinasimama. Akienda dukani, muuzaji anamwambia subiri zamu yako, usininyooshee. Wale wale waliomwita Kuku wa Mnada sasa walimwita Mheshimiwa, wakamuuliza hoja yake ni ipi. Fausta mwanzoni alicheka nao na kuwajibu matusi mepesi. Kisha akaacha kujibu, na Theopista akaanza kuogopa, kwa sababu anamfahamu: Fausta akitukana yuko salama.

Lililoharibu kabisa ni la jumuiya. Mwalimu Benedikto alitangaza kwamba Jumapili ya wiki ya pili Padre anakuja na wageni, akauliza nani atajitolea kuwalisha. Watu wote waliinamisha vichwa, wakaanza kuchunguza mikeka waliyokalia kana kwamba wameisuka wao. Benedikto akapitisha macho, akaona mkono mmoja.

"Fausta," akasema. "Mungu akubariki, mwanangu."

Watu wakapiga makofi ya watu walionusurika. Fausta akafungua mdomo, lakini wimbo ulikuwa umeshaanzishwa. Theopista hakuwepo; siku hiyo, mara moja tu, alikuwa ameacha kuchunga, ameenda kusaga mahindi. Aliporudi alimkuta binti yake nyuma ya nyumba, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anakata bandeji za kiunzi kwa kisu cha mboga, kwa mkono wa kushoto, vibaya.

"Lete kisu," Theopista akasema.

"Mimi si mtu tena, mama. Mimi ni kibao cha njia panda. Kila anayepita anasoma anachotaka."

"Lete kisu."

"Nikishusha leo nitakuwa kama mwanzo. Mwanzo nilishazoea."

Theopista akakaa chini kwenye vumbi. "Ulizoea wewe," akasema. "Mimi ndiye ninayekusuka. Mimi ndiye ninayekuvalisha gauni kama mtoto wa chekechea. Nikifa, kazi hiyo ataifanya nani? Gelasius?"

Fausta akamfikiria Gelasius, na yale makucha yake ya jembe, akimsuka nywele. Akaanza kucheka bila kutaka, kicheko kikamuuma pajani, akalia, akacheka tena. Kisu kikaanguka chini na Theopista akakikalia. Alichunguza bandeji moja moja. Zilikatika za juu tu. Kiunzi kilikuwa bado kimeshika.

Juma lililofuata, kupokea jumuiya ilikuwa zamu ya nyumba ya Fausta. Theopista alifagia, akatandika mikeka, na kabla rozari haijaanza akasema ana ombi dogo. Angependa rozari ya leo itolewe kwa ajili ya mkono wa Fausta, na anayeongoza aiongoze akiwa ameinua mkono wake kama wa Fausta, ili sala ipande vizuri. Alisema hayo kwa sauti ya unyenyekevu ambayo majirani hawajawahi kuisikia kwake.

Anayeongoza alikuwa Benedikto. Mbele ya watu huwezi kukataa nia ya sala ya mama mwenye mgonjwa, kwa hiyo akainua mkono. Kumi la kwanza la rozari lilikwenda vizuri, hata kwa mbwembwe. Katika la pili mkono ukaanza kutetemeka na Salamu Maria zikaanza kukimbia. Katika la tatu alikishikilia kiwiko kwa mkono wa kushoto, akapoteza hesabu ya punje, akaomba mkate wa kila siku mahali ambapo haukuhitajika. Wanawake wa nyuma walikuwa wameshajifunika khanga usoni, mabega yanacheza. La tatu halikuisha. Mkono ulishuka wenyewe kama tawi lililokatwa.

Benedikto akakaa akijisugua bega. Akamtazama Fausta.

"Na huyu analala nao hivi?"

"Analala nao hivyo hivyo, anakula nao, na chooni anakwenda nao, Mwalimu," Theopista akasema.

Jumapili ilipofika, Padre alikula kwa Benedikto, si kwa Fausta. Kuhusu nguruwe, katekista hakusema neno, na hakuna aliyetarajia aseme. Utani sokoni haukuisha, maana Kibaoni ni Kibaoni, lakini ulibadilika. Bodaboda walianza kushindana kwenye kijiwe chao nani atakaa mkono juu muda mrefu kuliko mwenzake, na wote walishindwa, na Fausta akipita walimwita Bingwa. Akaanza tena kuwatukana. Theopista akala vizuri siku hiyo.

Siku ya kliniki ikafika. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mnene anayeitwa Agatha, alifungua kiunzi. Ngozi ilikuwa imeshika, laini, ya rangi ya chai ya maziwa. Kisha akamwambia Fausta ashushe mkono, na mkono ukakataa kushuka, na Theopista nusura aanguke, kwa kuwa hilo hakuwa ameliogopa kabla. Agatha akacheka, akausugua na kuuteremsha polepole. Akasema kazi ndiyo imeanza. Apakwe mafuta, avae banzi akilala, na kila siku vidole vipande ukutani mpaka ngozi ijue nani ana amri.

Kila asubuhi Fausta alisimama ukutani. Vidole vilipanda kama buibui aliyechoka, ngozi ikavuta, machozi yakamtoka, na alipoona mama hatazami alijinyoosha kwa ncha za miguu. Theopista aliona hata hivyo, akamkanyaga miguu.

"Visigino."

"Mama, wewe ni askari magereza."

"Visigino chini."

Kwa muda mrefu vidole viligoma juu ya dirisha, na Theopista akaanza kuwaza lile neno la daktari, kwamba utarudi ulikotoka. Alizidisha mafuta. Kisha asubuhi moja vidole vilipita dirisha, vikapita pale ambapo chokaa inaishia, vikafika juu kabisa, kwenye upenyo kati ya tofali na bati. Visigino vilikuwa chini. Vidole vikapapasa mle ndani, vikatoka na pakiti ya sigara.

Gelasius alikuwa ameapa kuacha sigara, Kwaresima, mbele ya jumuiya nzima.

Wakati huo alikuwa uani anatengeneza mnyororo wa baiskeli. Fausta akatoka na pakiti. "Gelasius, hizi ni za nani? Za panya?"

Kwa heshima mama mkwe haoni aibu ya mkwewe. Theopista alipaswa kugeukia uzio. Hakugeuka. Mbele yake mkono wa Fausta ulikuwa juu, peke yake, bila ukuta, bila kiunzi, kiwiko kimepita sikio, unatikisa pakiti kwenye jua, na chini yake kile kiraka kimenyooka chote wala hakivuti. Gelasius, akidhani mama mkwe anatazama sigara, akaanza kuapa kwamba ni za mdogo wake.

"Endelea kumgombeza," Theopista akamwambia binti yake. "Bado kidogo. Usishushe."