Ng'ombe wa Chini ya Nyasi

Nilipokuwa msichana wa miaka tisa, ng'ombe niliyemwogopa kuliko wote alikuwa yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Aliishi chini ya ardhi, kwenye bonde dogo kati ya shamba letu na kanisa, upande wa Iguhu, na bonde lenyewe liliitwa Ing'ombe kwa ajili yake.

Kukhu, nyanya yangu aliyenilea, alikuwa na sheria moja tu kuhusu bonde hilo. Kabla ya kulivuka unang'oa kitita cha nyasi, unakiweka chini, unakikanyaga. "Ikitoa maji, hiyo ng'ombe iko macho," alisema. "Zunguka na barabara ya juu." Kuzunguka kulichukua karibu saa nzima, na mimi kwa uvivu sikuwa na mpinzani.

Jumamosi moja niliitwa kanisani kwa mazoezi, kwa kuwa kesho yake ningepokea komunyo ya kwanza. Nilivaa viatu vyangu vipya vyeupe, ambavyo Kukhu alikuwa amenikataza kuvigusa hadi Jumapili. Nilikuwa nimechelewa. Tena katekista alitufundisha kwamba ng'ombe wa chini ni ushenzi, basi nikajiona Mkristo kamili, nikapita bila kuweka nyasi.

Hatua ya tano nikazama hadi magotini. Nikajikakamua, nikazama hadi kiunoni. Nilipiga kelele ambazo naamini zilisikika hadi Khayega.

Kukhu alikuwa akipalilia maharagwe pale juu. Alikuja mbio na mzigo wa majani ya nepia aliokuwa amewakatia ng'ombe wetu, akautandaza kwenye tope, akalala juu yake kifudifudi, akanivuta. Nilitoka na kiatu kimoja. Nilidhani atanichapa, lakini alinifuta uso kwa leso yake.

"Ng'ombe imebeba kiatu. Wewe imeniachia," alisema. "Sema asante."

Nikasema asante, nikilia, nikitazama tope. Kesho yake nilipokea komunyo nimevaa patipati zangu za mpira.

Mwaka huu parokia yetu inaandika majina ya vilima, mito na mawe yake, nami ni katibu wa kamati. Tulifika pale bondeni wakati wa kiangazi. Nyasi zilikuwa kavu, na mwenyekiti wetu akapapenda mara moja.

"Andikeni uwanja," alisema. "Darasa la chekechea litatoshea hapa. Hayo majina ya kishenzi tuyaache."

Kijana aliyeshika karatasi akanigeukia. "Mama, watu wa huku huitanga hapa aje?"

Niling'oa kitita cha nyasi, nikakiweka hatua chache ndani ya bonde, nikamwomba mwenyekiti akikanyage kwa nguvu. Maji yakapanda hadi kwenye soksi zake.

"Ing'ombe," nikamwambia kijana. "Andika."

"Na kwenye sababu ya jina?"

"Andika kiatu changu bado kiko huko."

Darasa litajengwa juu, kando ya barabara. Najua sasa kwamba chini pale kuna chemchemi, hakuna pembe wala kwato. Lakini Kukhu angemweleza nini mtoto wa miaka tisa kuhusu maji yasiyoonekana? Alinipa ng'ombe, na kila aliyemwogopa alifika salama.

Wenzangu walipotangulia, nilibaki nyuma kidogo nikasema asante kwa sauti. Safari hii sikuwa nikimwambia ng'ombe.