Damu ya Bibi Kwenye Ndoo

Mwalimu wetu wa maabara alikuwa na tabia ya kunyang'anya. Unashika pipeti, hujanyonya hata tone, mkono wake umeshafika. "Lete hapa, dada, utaniharibia." Anafanya mwenyewe, haraka haraka, kisha anauliza, "Umeona?" Niliona. Lakini sikwenda Mbinga kutazama.

Mradi ulikuwa wa kuchunguza uzee: kwa nini chembe za damu za wazee wengine huchoka mapema, na za wengine bado zina nguvu. Walituchukua sisi wenyeji wenye diploma ya maabara ili watufundishe kazi. Na kazi yenyewe ilitaka mkono uliotulia. Unamimina damu taratibu kwenye ukuta wa tyubu, ikae juu ya maji mazito ya dawa yaliyomo ndani bila kuchanganyika nayo. Ukiizungusha kwenye mashine inajitenga: nyekundu inazama chini, na katikati unabaki utando mweupe, mwembamba kama ukungu. Huo utando, wenye chembe zenyewe, ndio tuliokuwa tunautafuta. Hauji kwa kuangalia, unakuja kwa mazoezi, na mazoezi ndiyo tuliyonyimwa. Sisi wanawake, hasa, tuliosha vyombo na kubandika namba.

Siku moja tukateremka Ngumbo, ziwani, kuchukua damu. Mmoja wa wazee alikuwa shangazi yake baba, ambaye mimi namwita bibi. Mishipa yake imesinyaa, inakwepa sindano. Nilichoma nikakosa, nikachoma tena. Hakulalamika. "Chukua tu, mjukuu wangu. Mkajue kinachotumaliza."

Jioni, tuliporudi Mbinga, mwalimu alishika damu ile kwa mkono mmoja, simu iko sikioni, anacheka na mtu. Akaminya pipeti kwa nguvu. Damu ikatumbukia mpaka chini, ikavurugika yote. "Aa!" akasema, kama mtu aliyemwaga chai, akaitupa kwenye ndoo ya taka.

"Mwalimu, hiyo ni ya bibi yangu."

"Hapa hakuna bibi, kuna sampuli. Kesho tutachukua nyingine."

Nilitamani kumwagia ile ndoo.

Kesho yake tulirudi Ngumbo; mwalimu alisimama uani kwa bibi, shikamoo hakutoa, akamwambia apandishe mkono wa gauni. Bibi akanigeukia, akaniuliza kwa Kinyasa, lugha yetu ya ziwani, ile ya jana tumeifanyia nini. Mwalimu akanikazia macho. Nikajibu kwa Kiswahili, makusudi, ili naye asikie.

"Imemwagwa, bibi. Alikuwa anaongea na simu."

Bibi akashusha mkono wa gauni. "Basi hii iliyobaki nitazeeka nayo mwenyewe." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mwalimu alinifokea njia nzima. Nimemwaibisha, nimeharibu mradi, watu wa huku hatufundishiki. Kwenye boksi tulikuwa na damu ya mzee wa jirani. Huyo alikubali baada ya mimi kupiga goti, kumwamkia na kumweleza tunachokitafuta. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye gari, anajipepea.

Tulipofika maabara niliwahi pipeti. Akanyoosha mkono kama kawaida yake. Nikamgeuzia bega.

"Usiniguse, mwalimu. Nimeshika damu ya mtu."

Wenzangu wakaacha kuosha vyombo. Yeye akabaki na mkono wake hewani.

Nikamimina. Nikaegemeza mkono mezani, nikabana pumzi, nikaiacha damu iteleze polepole. Ikakaa. Mashine iliposimama nikainua tyubu kwenye mwanga: utando ulikuwepo, mweupe, umenyooka. Nikaunyonya wote. Kwenye hadubini chembe zilikuwa hai, zimejaa, zinang'aa kingoni.

Mwalimu akaja akachungulia. Akanipiga bega.

"Si unaona? Nimekufundisha."

Nilikwenda kwenye karo nikasugua mikono mpaka ikawa inauma, maana siku ile ningefungua mdomo, ningemtukana yeye na ukoo wake wote.